Mpangaji wa Juu

"Wallahi laadhim, hili nnalokwambieni leo sikuliongeza hata chembe," alisema Mzee Badar. Akaapa kwa mkate, akaapa kwa macho yake mawili, kisha akaunyanyua mguu wake wa kushoto, ule uliovunjika zamani alipoanguka kwenye nguzo ya simu, akaapa kwa huo pia. "Kweli tupu. Atakayenikamata na neno moja la uongo, kahawa ya baraza nzima juu yangu."

Watu wa barazani pale Jang'ombe wakatazamana. Ndiyo ilikuwa sheria yao, na Mzee Badar, fundi wa simu mstaafu, ndiye aliyekuwa akiitumikia kuliko mtu yeyote. Mcha, muuza kahawa, akaivuta ndoo yake ya maji, akaanza kusuuza vikombe vyote.

"Mbona wasuuza na mie sijaanza?"

"Nakujua, Mzee Badar. Nnapunguza kazi."

Wakacheka. Mzee Badar akangoja kicheko kishe, akajikohoza, akaanza. Aliyoyasema yeye tutayasikia mwisho. Yaliyotokea ni haya.

Kila alipokwenda Mji Mkongwe, hata kama shughuli yake ilikuwa ya sokoni Darajani tu, Mzee Badar alizungukia Sokomuhogo. Hakuwa na la kufanya huko. Alipenda kupita mbele ya mlango wa nyumba aliyozaliwa, auguse msumari mmoja wa shaba uliopinda, kisha aende zake. Nyumba ilishauzwa. Warithi walikuwa wengi kuliko vyumba, na fungu alilopata yeye lilikwisha kabla nyumba yake ndogo ya Jang'ombe haijapigwa plasta. Sasa mwenyewe mpya alikuwa akiigeuza hoteli.

Siku moja, na kikapu chake cha ukili mkononi, samaki changu wawili na mchicha ndani, alikuta mlango haupo. Ulikuwa umelazwa njiani kama maiti inayongoja kuoshwa, misumari juu. Ndani vumbi la chokaa limetanda, mafundi wanashusha boriti za paa moja moja.

"Mzee, huku haingiwi bila ya kofia," alisema msimamizi, kijana mwenye filimbi shingoni.

Mzee Badar akaigusa kofia yake ya viua. "Nnayo."

"Kofia ngumu, mzee."

"Hii mke wangu anaitia wanga. Igonge uone."

Msimamizi hakucheka. "Unataka nini?"

"Mimi nimezaliwa humu."

"Kila mzee anayepita hapa kazaliwa humu. Wa jana alitaka apelekwe mpaka chooni akapaone."

Mafundi wakaangua kicheko, na Mzee Badar naye akacheka, maana mtu akichekwa nyumbani kwao afadhali acheke pamoja na wenziwe. Alikuwa keshageuka kuondoka, ndipo fundi mmoja wa juu alipopiga ukelele, akateremka ngazi na karai amelinyoosha mbali na mwili wake kama limejaa makaa. Ndani yake, kati ya vipande vya chokaa, alikuwemo kinda la bundi. Uso mweupe kama tui, macho meusi, bawa moja linaburura. Wazazi wake walisharuka. Nduguye alikuwa chini ya boriti iliyoanguka.

"Litieni mafuta ya taa, lichomwe moto," alisema msimamizi akirudi nyuma. "Balaa hilo. Mwenyewe akisikia bundi kaonekana humu, ataleta watu wa kusoma wiki nzima, na kazi itasimama."

Kinda likafungua mdomo. Halikulia. Likapumua tu: shshshshsh.

Mzee Badar akasimama palepale. Sauti hiyo alikuwa hajaisikia tangu ujana wake. Zamani ilikuwa ikishuka kila jioni kati ya boriti za chumba chao, kama bibi kizee anayepuliza chai ya moto, na yeye akipata usingizi kwa hiyo. Mama yake, Bi Ulfat, akiwaita bundi hao wapangaji wa juu. Akisema katika Mji Mkongwe wote hakuna wapangaji kama wao, wanalipa kodi bila ya kugongewa mlango: kila asubuhi juu ya ngazi ya darini, mkia wa panya, au kichwa chake. Bi Ulfat huuzoa kwa fagio, akainua uso juu, akasema, "Imepokewa, ahsanteni."

"Vijana, msichome," alisema Mzee Badar, na sauti yake ikawa ya mganga aliyetoka safari ya mbali. "Bundi wa nyumba ya chokaa akichomwa, moshi wake hukaa kwenye kuta. Mgeni wa hoteli akilala, anakoroma kama yeye. Mtampangisha nani? Nipeni mie, dawa yake ninayo."

Msimamizi akamtazama, akazitazama kuta. "Chukua. Na ya soda je?"

Mfukoni Mzee Badar alikuwa na nauli tu. Basi akawatoa changu wake wawili, akawaweka juu ya mlango aliokuwa akiufungua na kuufunga utotoni, akamlaza kinda ndani ya kikapu, akamfunika kwa mchicha.

Nyumbani Jang'ombe Bi Muzna alikuwa keshakuna nazi. "Lete hao samaki, jua limekwisha kupinda," alimwambia mumewe, akakichukua kikapu, akaufunua mchicha. Uso mweupe ukamwangalia. Shshshshsh.

Mbuzi ya nazi ilikwenda upande wake, kikapu upande wake, na Bi Muzna alisimama juu ya kiti ambacho siku zote alikuwa akikataza watu wasikikalie kwa kuwa mguu mmoja mbovu.

"Bundi! Ndani ya nyumba yangu, na posa ya mwanao imekaribia! Wewe Badar una akili wewe?"

"Huyu si bundi wa barabarani, Mama Tamima. Huyu wa nyumbani. Huyu ni kama jamaa."

"Jamaa yako wewe! Changu wangu wako wapi?"

Akatafuta namna ya kulieleza, akaona kweli inatosha. "Nimewaacha Sokomuhogo."

Jioni akarudi Tamima, mtoto wao pekee. Alikuwa akifanya kazi kwenye zahanati ndogo ya wanyama, siku nyingi punda wa gari za mizigo, siku nyingine paka. Alipokuta kelele, hakuuliza. Alivua buibui, akanawa, akalikunjua lile bawa polepole chini ya taa, akalifunga kwa kitambaa karibu na mwili, kama mama anavyomfunga mtoto mbeleko. Bundi akamng'ata kidole mara moja, kisha akatulia.

"Mfupa umepasuka, haukukatika," alisema. "Tukimtunza ataruka."

"Hatutamtunza," alisema Bi Muzna kutoka juu ya kiti. "Mwanangu, humjui Bi Zeyana? Bibi yake Simai? Yule ndiye mwenye neno katika ukoo ule. Mji mzima unajua alivyoinuka posani kwa sababu paka wa watu kazaa juu ya mkeka. Paka! Posa ikafa palepale. Sasa huyo aje akute bundi?"

Mzee Badar, aliyependa kuingia katika kila mazungumzo, alikuwa akitafuta kitu fulani chini ya meza.

Tamima alikaa kitako. Alikuwa amevuka miaka thelathini, na kule nje kila mtu alikuwa akimkumbusha. Simai, mwalimu wa skuli, alimjua siku alipoleta paka aliyegongwa na vespa. Paka alipona, naye Simai akaendelea kuja kuuliza hali ya paka hata baada ya paka mwenyewe kurudi nyumbani kwake. Tamima alikuwa akimtaka. Hakuwahi kusema, lakini siku hizo alikuwa akiimba akifua.

"Mama, nikimtupa huyu atakufa kabla ya asubuhi. Kazi yangu ni hii. Nikimtupa kwa ajili ya kuolewa, nitamwambia nini Simai?"

"Usimwambie kitu! Wanawake wameolewa tangu dunia iumbwe, nani aliyemhadithia mumewe habari za bundi?"

Lakini kule kushuka kwake kwenye kiti kulikuwa tayari ni nusu ya kukubali. Na siku ya pili, ingawa aliapa hatomtazama, ni yeye aliyetoa boksi la televisheni ya zamani na kanga iliyochoka ya kumfunikia. Wakamwita Mpangaji.

Kumlisha kulikuwa kazi. Mwenye duka la kuku alimpa Mzee Badar vichwa na shingo, na kila alipompa alisema kwa sauti, wateja wasikie, "Mzee, hali imekuwa ngumu hivyo?" Mzee Badar akipokea na kushukuru. Lakini Tamima alisema vichwa vya kuku havitoshi, anataka panya mzima na manyoya yake na mifupa yake, aliyekamatwa kwa mtego, si aliyekula sumu. Basi Mzee Badar akaanza kugonga milango ya Jang'ombe kuomba panya. Na kwa kuwa hakuweza kusema ni wa nini, akasema ni dawa ya magoti.

Haikupita muda, Mcha wa kahawa, ambaye magoti yalimtesa, naye akaanza kununua mitego. Mama mmoja wa mtaa wa pili akaja kumuuliza Bi Muzna, kwa kunong'ona, kama mafuta yake hupakwa moto au baridi. Bi Muzna akamtazama mumewe.

"Unaona? Neno likitoka kinywani mwako leo, kesho linarudi na watoto. Posa ya kwanza ya mwanao ilivunjwa na nini? Si uliwaambia watu nyumba ya Sokomuhogo ingali yetu?"

"Niliwaambia niliyoyatamani."

"Basi tamani kimoyomoyo."

Siku moja kabla ya wageni, Tamima alimkuta baba yake amechuchumaa mbele ya boksi, anampigia Mpangaji hadithi za Bi Ulfat, na ndege amefumba jicho moja kama mtu wa barazani anayepima uongo. Tamima akachuchumaa naye.

"Baba. Nikuombe kitu?"

"Omba, mwanangu."

"Kesho wakija, usiongeze neno. Wakiuliza, jibu. Wasipouliza, nyamaza. Siku moja tu."

Mzee Badar akatoa mkono wake, ukiwa bado na makovu ya nyaya. "Nakuahidi. Kesho mimi bubu."

Walikuja baada ya sala ya alasiri. Mzee Khatib ndiye mshenga, ami yake Simai, mtu mrefu aliyependa kuzungumza kwa maneno ya kanzu na kilemba. Na Bi Zeyana alikuja mwenyewe, ingawa si desturi, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia si desturi. Alikuwa mdogo wa umbo, miwani mikubwa, bakora mkononi. Alivikataa viti vyote vizuri, akakaa kwenye kile chenye mguu mbovu, karibu na mlango wa jikoni. Bi Muzna alishika pumzi. Kiti kikamstahimili.

"Shikamoo, Bi Zeyana," alisema Mzee Badar, na akanyamaza. Bi Muzna akamshangaa.

"Marahaba. Nyumba inanukia."

Ilikuwa inanukia kwelikweli. Bi Muzna alifukiza udi tangu adhuhuri kuondoa harufu ya Mpangaji, na udi ulikuwa mwingi kiasi cha kuwatoa wageni machozi. Halua ikaletwa, na sharbati ya mabungo. Tamima alikuwa jikoni na boksi, mlango umerudishwa, kama inavyompasa mwenye kuposwa asionekane. Mzee Khatib akapangusa midomo, akanyoosha mgongo.

"Bismillahi. Sisi, kwa heshima na taadhima, tumetoka kwetu tukaja kwenu. Tumepita bustani nyingi, lakini ua tulilolikusudia, harufu yake—"

Shshshshsh.

Mzee Khatib akasita. "—harufu yake imetufikia tangu—"

Shshshshshshsh.

"Gesi!" Mzee Khatib aliruka. "Mtungi wa gesi unavuja! Jirani yangu jiko lake liliondoka na bati! Tokeni! Udi! Zimeni huo udi!" Alikuwa keshavaa kiatu kimoja na kingine anakitafuta kwa mguu.

Mzee Badar aliona mguu ule ukitafuta kiatu, akaona posa ya mwanawe inatoka mlangoni inachechemea. Ahadi yake ilikuwa mbele ya macho yake. Aliiona vizuri kabisa. Kinywa chake kikaipita pembeni.

"Si gesi! Si gesi, Mzee Khatib, kaa! Sufuria la presha hilo. Nyama ya biriani."

Bi Muzna alifumba macho.

"Biriani?" alisema Bi Zeyana polepole. Yeye hakuwa ameinuka. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, sikio limeelekea jikoni. "Tuliambiwa chai tu. Mmejisumbua."

"Usumbufu gani, bibi. Wageni kama nyinyi."

"Basi haifai kuinuka nyumbani kwa watu na chungu kiko motoni. Tutawavunjia heshima. Khatib, vua kiatu."

Wakakaa. Hotuba ya bustani ilisharibika, na Mzee Khatib hakujua aianzie wapi, maana mtu akishatajiwa biriani maua humpotea. Wakazungumza mvua. Wakazungumza bei ya mchele. Huko jikoni Tamima alikuwa akimtia Mpangaji kichwa cha kuku mdomoni ili anyamaze, naye akimaliza anaomba kingine.

Shshshshsh.

"Nyama ngumu," alisema Bi Zeyana. "Ng'ombe wa wapi huyo?"

"Wa Kiwengwa," alisema Mzee Badar. Jasho lilikuwa likimshuka ndani ya kofia.

"Mkubwa?"

"Keshastaafu."

"Aaa." Bi Zeyana akanywa sharbati yake funda moja. "Lakini Badar mwanangu, jambo moja linanishangaza. Biriani, mtu huijua kwa vitunguu. Vikianza kukaangwa, mtaa wa tatu wanajua. Mie sisikii harufu ya kitunguu."

Mzee Badar alitazama juu, akatazama chini. "Vitunguu... humu kwetu mke wangu huvitia mwisho."

Bi Muzna angeweza kulistahimili sufuria la presha. Angemstahimili ng'ombe mstaafu. Lakini alikuwa mwanamke aliyeitwa kupika arusi za watu kutoka Jang'ombe mpaka Paje, na hili lilimtoa kitini.

"Nani? Mimi? Mimi Muzna ninatia vitunguu mwisho? Biriani niliyofundishwa na mama yako mwenyewe kwa mkono wake?" Akamgeukia Bi Zeyana, machozi ya udi na ya hasira yanamtoka. "Hakuna biriani, Bi Zeyana. Nisamehe. Hakuna sufuria, hakuna ng'ombe. Nyama iliyomo humu ndani ni vichwa vya kuku, na hata hivyo si vyetu."

"Vya nani?" aliuliza Mzee Khatib.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Tamima alisimama pale, mtandio umemteleza, na mkononi, ndani ya kanga iliyochoka, uso mweupe unachungulia. Mkono wake aliutuliza, ndege asije akaogopa.

"Vya huyu," alisema. "Kavunjika bawa. Mimi ndiye ninayemuuguza. Nilitaka kuwaficha, ndipo baba akasema aliyoyasema. Kama ni balaa, basi ni yangu, wazee wangu hawamo."

Mzee Khatib alikuwa keshakipata kiatu cha pili. "Bundi! Na uongo juu yake! Mama, twende zetu. Nyumba gani hii?"

Bi Zeyana hakumsikia. Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya buibui, akaivaa tena. Akanyoosha kidole chake chembamba, akamgusa ndege kifuani.

Shshshshsh.

"Kwetu Malindi, huko Mji Mkongwe, walikuwa wawili," alisema. "Babu yangu akiwaita walinzi. Sisi watoto tukiambiwa, mkigombana usiku walinzi watasikia. Walipoondoka na mimi nilishazeeka, sijui ni lini, mtu hajui siku ambayo sauti inakatika." Akamgeukia Mzee Badar. "Mara ya kwanza nilidhani masikio yangu. Mara ya pili nikajua. Nikasema, ngoja nikae, nione bwana huyu atatupikia biriani gani."

Mzee Badar aliinama mpaka kofia ikataka kuanguka.

"Lakini, Bi Zeyana," alisema Bi Muzna, bado haamini, "si wewe uliyeinuka posani kwa sababu ya paka aliyezaa juu ya mkeka?"

"Ehee! Hayo hasa!" Bi Zeyana akagonga bakora sakafuni. "Posa ile ilikwenda vizuri, na binti yule ana watoto watatu kwangu. Paka alizaa, nikaomba mmoja, nikaondoka naye! Lakini maneno haya yananifuata mji mzima, miaka sasa. Watu wananiogopa, wananifichia paka wao. Nikiuliza yametoka wapi, naambiwa yametoka Jang'ombe, barazani."

Bi Muzna akageuka taratibu. Mzee Khatib akageuka. Tamima akageuka. Hata Mpangaji akazungusha kichwa chake, akamtazama Mzee Badar kwa macho yote mawili.

"Paka alikuwepo," alisema Mzee Badar kwa sauti ndogo. "Paka si uongo."

Wa kwanza kucheka alikuwa Tamima, na kicheko chake kilitoka pamoja na kilio. Bi Zeyana akamshika mkono ule usiokuwa na ndege.

"Simai kaniambia, bibi, kuna msichana kamfunga paka wangu mguu kama anafunga zawadi. Nimekuja kumuona huyo. Nshamuona. Khatib, kaa chini, sema maneno yako, na hayo maua yaache, sema tu tumekuja kuposa." Kisha bakora ikamwelekea Mzee Badar. "Na wewe. Mimi nimekaa kwa ajili ya biriani, na biriani nitakula. Utaipika mwenyewe, kwa mkono wako, na mkeo asikusaidie ila kwa mdomo. Na vitunguu vitangulie."

Biriani ikaliwa Ijumaa iliyofuata. Bawa lilichukua zaidi. Tamima alimfungua kitambaa, akamzoeza ndani ya chumba cha wageni, kutoka kabatini mpaka juu ya mlango, na Bi Muzna akakaa na kanga kichwani akilalamikia vinyesi na kuhesabu kwa sauti kila aliporuka bila ya kuanguka. Swali lilikuwa wapi atakwenda. Sokomuhogo paa lilikuwa la bati sasa. Jang'ombe wangemuua siku ya kwanza.

"Aje kwangu," alisema Bi Zeyana. "Boriti zipo, paa linavuja, na panya ndio wenye nyumba."

Wakampeleka kabla ya magharibi, katika wiki ileile ambayo masanduku ya Tamima nayo yalikuwa yakipelekwa Malindi. Ngazi zilikuwa ndefu, mguu wa kushoto ukamuuma Mzee Badar, lakini alipofika darini akausahau. Harufu ilikuwa ile ile, ya chokaa iliyozeeka na boriti za mikoko. Alinyoosha mkono, akaishika boriti kwa kiganja, akakaa hivyo.

Tamima akaifunua kanga. Mpangaji alisimama kwenye kifundo cha mkono wake, akazungusha kichwa, akapima. Kisha akaondoka bila ya sauti, kama kitambaa kilichopeperushwa, akatua juu kizani. Halafu kutoka kati ya boriti ikashuka: shshshshsh.

"Baba," alisema Tamima. "Nyumbani kutakuwa kimya."

Alingoja baba yake aseme kitu, kwamba yeye zamani aliwahi kulea bundi mia, au kwamba Bi Ulfat akizungumza nao Kiarabu. Mzee Badar hakusema. Alikuwa ameinua uso, kofia mkononi, na midomo yake ilikwenda bila ya sauti. Tamima alikuwa hajapata kumuona baba yake amekosa neno, akamshika mkono kama anavyoshikwa mgonjwa.

Siku ya tatu ya arusi Bi Zeyana alituma salamu Jang'ombe: juu ya ngazi ya darini umekutwa mkia wa panya.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Barazani, siku ile ya kuapa, Mzee Badar alikuwa keshafika mbali nayo.

"...mabawa yake, mabwana, akiyakunjua yanagusa mlango na dirisha! Na Bi Zeyana alipomuona tu, wallahi, aliruka! Alipita dirishani mwanamke yule, buibui likabaki linaning'inia kwenye kitasa! Mie nikamkimbilia, nikamwambia—"

"Dirisha lipi?"

Sauti ilitoka nyuma ya nguzo. Mzee Khatib, aliyekuja Jang'ombe kumtembelea mkwe wao akaelekezwa barazani, alikuwa amekaa pale muda mrefu na kikombe chake, mwenyewe kajitanda shuka kama mgeni wa shamba.

Mzee Badar akaishusha mikono iliyokuwa ikionesha mabawa.

"Maana dirisha la chumba chako nalijua," aliendelea Mzee Khatib. "Lina nondo. Na aliyekimbia siku ile ni mimi, na kiatu kimoja. Mama hakuinuka kwenye kiti."

Baraza nzima ikaripuka. Mcha hakungoja kuambiwa. Dele la kahawa alikuwa keshaliinamisha, na vikombe vilivyosuuzwa mapema vikaanza kupita mkono kwa mkono.

"Na dawa ya magoti?" aliuliza Mcha ghafla, dele likasimama hewani. "Mzee Badar, wale panya?"

"Wewe mimina tu, magoti tutayazungumza."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti zake zilizokunjwa, uso hauna hata dalili ya haya. Alikuwa na furaha ya mtu anayetoka msikitini.

"Musinicheke," alisema. "Mama yangu alikuwa akisema wapangaji wa juu hulipa kwa walichonacho. Bundi kodi yake panya. Mimi nyumba ya Sokomuhogo naishi ndani yake mpaka leo, na kodi yangu ndiyo hii."

Mcha akazipokea, akazifungua moja moja, akazitazama.

"Mzee, zimezidi hizi."

"Hazikuzidi," alisema Mzee Badar. "Hizo za kesho."